Kisu cha Kijapani kwa jiko la Mwanza: kipi uletewe, na kazi zipi usikipe

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Naishi Nyegezi, Mwanza, napikia watu sita kila siku. Sato au sangara ni mara nne kwa wiki, halafu mboga za majani, viazi vitamu, ndizi, na nyama Jumapili. Visu vyangu ni vile vya sokoni vya mpini wa plastiki. Makali yanakufa kila wiki, nanoa kwenye jiwe la nje au nampa mnoaji wa baiskeli. Kaka yangu yuko Japani kikazi, anarudi mwezi ujao, nami nimetenga shilingi 300,000. Mtandaoni nimeona seti ya visu sita vyenye mawimbi ya 'Damascus' kwa shilingi 90,000, muuzaji anasema ni vya Kijapani na havihitaji kunolewa. Wengine wananishauri nichukue deba kwa sababu ya samaki. Natumia mkono wa kushoto. Kipi kitanifaa kwa kazi zote?"

Marahaba, na asante kwa kueleza jiko lako lilivyo, maana bila maelezo hayo jibu lingekuwa la kubahatisha. Wasiwasi wako nauelewa hivi: fedha ni ya kununua mara moja, kaka anarudi mara moja, na hutaki kuletewa kitu cha kupendeza ambacho baada ya miezi miwili kitakuwa butu kama vile vya sokoni. Kwa kifupi, kaka akuletee santoku (kisu cha Kijapani cha nyumbani cha kazi nyingi) moja ya milimita 165 au 170, ya chuma kisichoshika kutu, iliyonolewa sawa pande zote mbili, pamoja na kinoo kimoja cha namba 1000 (namba huonyesha ulaini wa punje za kinoo: ikiwa ndogo, punje ni kubwa na hukwangua zaidi). Seti ya mawimbi iache. Deba nayo iache. Na kimoja kati ya visu vyako vya sokoni usikitupe, kwa sababu kisu cha Kijapani cha nyumbani hakiwezi kufanya kazi zote za jiko linalopika sangara.

Hilo la mwisho wauzaji hawalisemi, kwa hiyo nianze nalo.

Ugumu wa chuma cha kisu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, kinachoandikwa HRC. Visu vingi vya jikoni vya Ulaya viko kati ya 55 na 58. Visu vingi vya Kijapani viko kati ya 60 na 62. Tofauti ya namba nne tano inaonekana ndogo, lakini inabadilisha tabia yote ya kisu. Chuma laini kikikutana na kitu kigumu hujikunja: makali yanalala upande mmoja, unahisi kisu hakikati, unakinyoosha kidogo, maisha yanaendelea. Chuma kigumu hakikunjiki kirahisi. Ndiyo maana fundi anaweza kukichonga chembamba zaidi, kwa pembe ya nyuzi 15 hivi kila upande badala ya 20, na makali yakabaki yamesimama kwa wiki nyingi. Lakini kitu kisichojikunja kikizidiwa humeguka. Waya ukiukanyaga unapinda, sahani ya kaure ukiikanyaga inavunjika. Santoku ukiipiga kwenye uti wa mgongo wa sangara itatoka na pengo, na pengo haliondoki kwa kunoa mara moja. Hatari huongezeka ukikipinda kisu kikiwa kimeng'ang'ania ndani ya mfupa, au samaki akiwa ametoka kwenye friji akiwa bado na barafu katikati.

Kwa hiyo jiko lako linahitaji visu viwili vyenye kazi tofauti. Kukata kichwa cha sangara, kupasua uti, kugawa mbavu za mbuzi, kuvunja nazi: hizo ni za kisu cha zamani au panga dogo. Kupara magamba pia, tena kwa mgongo wa kisu cha zamani au kijiko, kamwe si kwa makali ya kisu kipya. Kupara kunayasukuma makali kwa ubavu, na ubavuni ndiko makali membamba yasiko na nguvu. Santoku itachanja sato kabla ya kukaangwa, itatenga mnofu wa sangara na ngozi yake, itakata minofu vipande, nyama isiyo na mfupa, vitunguu, kabichi, na mchicha kwa wembamba unaoutaka.

Utaona tofauti siku ya kwanza kwenye kachumbari. Kisu butu hakikati nyanya, kinaibonyeza mpaka ngozi ipasuke, na maji yote yanabaki kwenye kibao. Kwa kitunguu, kadiri unavyoponda chembe zake ndivyo unavyoachia ile hewa inayowasha macho, kwa hiyo kisu kikali hupunguza machozi. Ukali wenyewe hautoshi. Wembamba wa bapa juu kidogo ya makali una umuhimu uleule. Kisu kinene, hata kikiwa kikali kama wembe, kikiingia kwenye kiazi kitamu kinafanya kazi ya kabari: kinapasua kiazi badala ya kukikata. Santoku nzuri ina unene wa kama milimita 2 tu mgongoni, halafu inapungua taratibu kuelekea makali. Ukitengeneza michembe na unataka vipande vya unene mmoja vikauke kwa pamoja, hapo ndipo wembamba huu unapolipa.

Kwa nini santoku na si aina nyingine? Jina lake lina maana ya fadhila tatu, kwa kawaida huelezwa kuwa ni nyama, samaki na mboga. Ni pana, fupi kiasi, na makali yake yamenyooka zaidi, hivyo inafaa kusukuma mbele au kushusha chini moja kwa moja. Gyuto, ambayo ndiyo kisu kikuu cha mpishi, huwa na milimita 210 au 240 na tumbo lililopinda la kubembeza. Ni kisu kizuri mno, na kama una kibao cha sentimita 40 na meza ya kutosha, gyuto ya 210 haitakuangusha. Kwa majiko mengi ya nyumbani yenye kibao kidogo kilichowekwa juu ya meza ndogo, milimita 165 zinatosha. Nakiri ni ya mboga peke yake. Iko tambarare kabisa, haina ncha, na kwa samaki utaikosa ncha hiyo.

Kuna jambo ambalo hukulitaja. Wengi wetu tunakatia mkononi: kitunguu kimeshikwa kiganjani, kisu kinakuja kuelekea dole gumba, bila kibao. Usifanye hivyo na santoku. Kisu cha sokoni kinasimama kwenye ngozi kwa sababu ni butu, hiki hakitasimama. Kama hutaki kuacha mtindo huo, ubaki na kisu kidogo cha kawaida kwa kazi hiyo, na santoku ikae kwenye kibao tu.

Sasa deba. Wanaokushauri hawajakosea kabisa, deba ni kisu cha samaki kweli. Ni kinene, kizito, na Wajapani hukitumia kukata vichwa vya samaki na kutenga minofu na uti. Ila deba ya kawaida imenolewa upande mmoja tu, na upande huo ni wa kulia. Mkono wa kushoto ukiishika, makali yanavuta kisu kwenda pembeni na mnofu unatoka mshazari. Deba za mashoto zipo, lakini mara nyingi huagizwa na bei huwa juu. Isitoshe, kisu cha upande mmoja kina namna yake ya kunolewa, na si mahali pazuri pa kuanzia. Hata kwa anayetumia mkono wa kulia ningesema kichwa cha sangara wa kilo kumi ni kazi ya panga. Deba haikutengenezwa kwa mifupa ya unene ule.

Mkono wa kushoto una mambo mengine mawili ya kuangalia. Mwambie kaka aulize neno "ryoba", yaani kisu kilichonolewa pande zote mbili. "Kataba" ni upande mmoja, akisikia hivyo akiache. Pia aepuke mpini wa mbao wenye umbo la herufi D, kwa sababu tuta lake kwa kawaida limewekwa kwa vidole vya mkono wa kulia. Mpini wa mviringo, wa pembe nane, au ule wa mtindo wa Ulaya wenye misumari mitatu hauchagui mkono.

Kuhusu chuma, utakutana na majina mengi. Shirogami na Aogami ni vyuma vya kaboni. Vinanoleka kwa raha na kufikia ukali wa ajabu, lakini vinashika kutu. Ukikata ndimu na kukiacha kisu kibichi kwenye kibao huku unakaanga samaki, utarudi ukute madoa ya rangi ya kahawia. Kwa hewa yenye unyevu ya kando ya ziwa na jiko la watu sita ambalo halitulii, sikushauri. Kinachokufaa ni chuma chenye kutosha cha kromiamu, madini yanayozuia kutu: VG-10, kilichobuniwa na kampuni ya Takefu mkoani Fukui, kina kaboni ya takriban asilimia 1 na kromiamu ya takriban asilimia 15. AUS-10 nacho ni chaguo zuri. Vyote viwili vikichomwa vizuri kiwandani hufika HRC 60 hivi. Hata hivyo, "kisichoshika kutu" maana yake ni kinachochelewa kushika kutu. Ukikilaza usiku kucha kwenye beseni la maji ya chumvi na ndimu kitapata vidoa.

Mawimbi yale ya seti uliyoiona. Kwenye kisu halali, mawimbi hutokana na tabaka za vyuma viwili zilizochomelewa pamoja kwa moto na nyundo, halafu zikafunikwa pande mbili za chuma kigumu cha katikati. Kinachokata ni hicho cha katikati, na mawimbi ni vazi lake. Kwa hiyo hata yakiwa ya kweli hayaongezi ukali. Ya bandia huchorwa kwa mwanga wa leza au tindikali juu ya chuma cha kawaida. Utayatambua hivi: ya kweli yanakoma kabla ya makali, kuna mstari ambapo vazi linaisha na chuma cha ndani kinaanza kikiwa wazi. Ya bandia yanatelemka mpaka ukingoni kabisa, na mara nyingi mchoro unajirudia uleule. Ukiona tangazo halitaji jina la chuma, halitaji HRC, wala mji kilipotengenezwa, limekuambia la kutosha. Na hakuna kisu kisichohitaji kunolewa. Kisu chochote kinachokata kinaisha.

Kwa fedha yako kuna viwanda vinavyofanya kazi safi bila mbwembwe. Tojiro ya Tsubame, mkoani Niigata, ina visu vya tabaka tatu vyenye VG-10 katikati, na mji wa Seki mkoani Gifu umejaa viwanda vya namna hiyo. Kama kaka yuko Tokyo, mtaa wa Kappabashi una maduka ya vyombo vya jikoni yaliyopangana, na atavishika visu mkononi kabla ya kulipa. Ila neno "Kijapani" peke yake halitoshi. Global, kwa mfano, ni kisu cha Japani lakini ugumu wake ni kama 56 hadi 58, karibu na vya Ulaya.

Hapo naomba ujiulize swali moja kwa uaminifu: nani mwingine atakishika? Kama jikoni kuna dada wa kazi, vijana, na shangazi anayekuja Jumapili na kukata kila kitu kwa kisu kilichoko karibu, basi chuma laini ndicho kitakachowafaa. Victorinox ya Uswisi yenye mpini mweusi wa plastiki ina ugumu wa kama 56, inavumilia mikono mingi, inanyooshwa kwa ile fimbo ya chuma wanayotumia wauza nyama, na fedha itabaki. Huko si kushindwa. Kisu cha HRC 60 kwenye jiko la namna hiyo kitakuwa na mapengo kabla ya mwezi kuisha. Fimbo ya wauza nyama, kwa njia, usiitumie kwenye santoku. Ile hunyoosha makali yaliyojikunja, na makali yasiyojikunja yakigongwa kwenye chuma chenye mistari yanamegukameguka.

Sasa tuje kwenye kilichoua visu vyako vya sasa, maana kitaua na hiki.

Kwanza ni mchanga. Viazi vitamu na mihogo vinakuja na udongo, na dagaa walioanikwa chini wanakuja na mchanga wenyewe. Mchanga kwa sehemu kubwa ni kwazi (madini ya quartz), na kwazi ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Kiazi kimoja kisichooshwa kinaharibu makali kuliko wiki nzima ya mboga. Osha kwanza, kata baadaye.

Pili ni jiwe la nje. Mawe ya Mwanza ni matale (graniti), na punje za kwazi zilizomo ni kubwa na hazilingani. Zinanoa kwa maana ya kukwangua, na kisu laini kinapata makali ya msumeno yanayokata siku mbili tatu. Chuma kigumu kinapata mapengo. Ngazi ya saruji ni vilevile.

Tatu ni gurudumu la baiskeli. Linafanya kazi nzuri kwa panga na jembe. Kwa kisu chembamba tatizo ni moto. Ncha ya makali ina chuma kidogo sana, inapata joto papo hapo kabla mkono haujahisi kitu. Chuma kilichochomwa kwa ugumu kikipata joto kupita kiasi hulegea, na ukiona ukingo umegeuka rangi ya buluu, sehemu hiyo ugumu wake umekwenda hata ukinoa namna gani. Tena gurudumu linakula chuma kingi: kisu cha kukaa nawe miaka kumi na tano kinaisha kwa miwili.

Kinoo cha maji ndicho dawa, na si kigumu kama kinavyosemwa. Kiloweke dakika 5 mpaka 10, hadi viputo viishe (vingine havilowekwi, vinanyunyiziwa tu, kaka asome maelezo ya boksi). Tandika kitambaa kibichi chini yake kisiteleze. Weka kisu juu ya jiwe, kisha inua mgongo milimita 12, karibu na unene wa kidole chako cha mwisho. Kwa santoku yenye upana wa milimita 45 hapo umepata nyuzi 15. Paka makali wino mzito usiofutika, sukuma mara tatu, uangalie: wino ukiondoka juu tu, umelaza mno, ukiondoka ukingoni tu, umeinua mno. Ukipata pembe, noa kwa sehemu, kisigino (mwisho wa makali karibu na mpini), katikati, ncha, ukibonyeza kwa vidole viwili vya mkono mwingine juu ya sehemu unayonoa. Tope linalotoka usilioshe, linasaidia kazi.

Utajuaje umetosha? Pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea ukingoni kwenye upande uliotazama juu, ukivuka makali kwa nje, kamwe si kwa urefu wake. Utahisi kinyuzi cha chuma kilichokunjamana. Kinyuzi hicho kikipatikana urefu wote, kuanzia kisigino hadi ncha, ndipo ugeuze upande. Kosa la wengi ni kugeuza kabla, au kukipata katikati tu na kuisahau ncha. Upande wa pili fanya hivyohivyo, kisha badilisha pande kwa mipigo myepesi, mitano mitano, halafu mmoja mmoja, mpaka kinyuzi kitoke. Malizia kwa kuvuta kisu kinyumenyume mara kumi juu ya gazeti lililowekwa juu ya jiwe. Nyanya mbivu ikikatika bila kubonyezwa, umemaliza. Ukiacha kinyuzi kimening'inia, kisu kitaonekana kikali sana leo na kesho kitakuwa kimekufa.

Kwa jiko lako, mara moja kila mwezi mmoja na nusu itatosha. Jiwe likianza kubonyea katikati, lichoree mistari ya penseli, lisugue kwenye msasa wa maji uliotandazwa juu ya kigae bapa, mpaka mistari ifutike yote.

Kibao kiwe cha mbao au plastiki. Kioo, sahani na kaunta ya kigae ni marufuku. Ukikusanya vilivyokatwa, geuza kisu utumie mgongo. Osha kwa mkono kwa sifongo, si waya wa masufuria, futa papo hapo, na usikichanganye na vijiko kwenye beseni: kinagongana, na mtu atatia mkono bila kukiona.

Pengo la chini ya nusu milimita utalitoa mwenyewe kwa kinoo cha namba 400 na subira. Likizidi milimita 2, au bapa likipinda, au ufa ukionekana, usijaribu. Tafuta mtu anayenoa kwa mawe ya maji, na wapishi wa hoteli kubwa za mjini ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Mwulize kabla ya kumkabidhi: unanoa kwa maji au kwa mashine kavu?

Na kidole kikikatwa, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua, mkono ukiwa juu. Damu isipokoma, au kidole kikashindwa kukunjika, au ncha ikafa ganzi, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu huenda mshipa wa damu, kano au neva imekatika. Kama ulikuwa unatengeneza samaki, mwambie daktari, na umweleze lini ulichoma sindano ya pepopunda mara ya mwisho.

Mtumie kaka ujumbe huu: santoku, milimita 165 au 170, ryoba, VG-10 au AUS-10, mpini usio wa D, na kinoo cha 1000. Akiwa dukani akiinue kisu kuelekea kwenye taa, aangalie kutoka mpinini hadi ncha kama bapa limenyooka, kisha ayaweke makali juu ya sehemu tambarare: mwanga upite kwenye mpindo wa ncha tu, usipite katikati. Akiache kwenye boksi kama kilivyofungwa, maana Japani hairuhusu kutembea na kisu cha makali yanayozidi sentimita 6 bila sababu ya msingi. Kwenye ndege kikae ndani ya begi linalopakiwa chini, akikisahau kwenye begi la mkononi atakiacha uwanjani.

Kikifika, kisikwende kwenye kinoo. Fanyia mazoezi kisu chako cha sokoni mara tatu nne kwanza, mpaka ukihisi kile kinyuzi urefu wote. Kipya kitakuwa na makali ya kiwandani ya kukupeleka miezi miwili ya mwanzo.